NDEGE YA BOKSI NA NDEGE YA ZIWA LETU

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wasomaji wapenzi, hayo nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, tena hapa hapa Kondele.

Likizo iliyopita nilikwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, nia yangu ikiwa ni kununua viatu vya mitumba vya shule. Viatu sikununua. Katika rundo la vitu vya kuchezea niliona boksi lenye picha ya ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Spitfire. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi anatakiwa aviunganishe mwenyewe.

"Omera, hiyo ni mia tano, haipungui," muuzaji akasema.

Tulivutana hadi mia tatu na hamsini. Nikalipa mbio mbio, nisije nikabadili nia.

Mama, ambaye huuza omena, aliligeuza boksi mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hii ndiyo utavaa shuleni?" Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Nilipofungua boksi, nilikuta vipande vya kijivu vimeshikana kwenye fremu nyembamba, kila kimoja na nambari yake. Maelezo yenyewe hayakuwa na maneno mengi, ni michoro na mishale tu. Kulikuwa pia na karatasi ya alama ambazo huloweshwa majini ndipo ziteleze na kukaa juu ya bawa. Gundi haikuwamo, wala rangi. Hilo liliniudhi kidogo, kwa maana ndege ya kwenye picha ilikuwa imepakwa rangi ikapendeza kama bwana harusi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maandishi haya: 1/72. Maana yake ni kwamba kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 72, hata mtu wa futi 6 anakuwa wa inchi 1. Mabawa ya Spitfire halisi, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa mita 11.23. Nikachukua rula nikapima yangu: sentimita 15 na nusu hivi. Gawanya mwenyewe uone! Uwiano, ambao darasani ulikuwa ukinipita kando kama upepo, siku hiyo uliniingia kichwani ukakaa.

Kwa hivyo sikubaliani na wenzangu wanaosema ati huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Kazi hii inafunza subira. Ni lazima ujaribu vipande kwanza bila gundi, uone kama vinaoana, ndipo uvigandishe. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitumia gundi kali ya dukani, na kioo cha rubani kikapata ukungu mweupe ambao haufutiki. Haraka haraka haina baraka, si methali ya mtihani tu.

Hata hivyo, kuna jambo lililonikosesha usingizi. Ndugu yangu mdogo, ambaye bado yuko shule ya msingi, alikuwa na ndege yake. Aliiunda kwa waya na mkebe wa mafuta ya kupikia, na rafadha yake ilizunguka kila alipokimbia nayo. Siku niliyofungua boksi alinitazama kwa muda, halafu akaondoka bila kusema neno. Kesho yake niliikuta ndege yake imetupwa kwenye taka. Nilipomuuliza, alijibu, "Yangu ni uchafu tu. Hata haina nambari."

Maneno hayo yalinichoma kama pasi. Hebu tuulizane: kati yangu na yeye, ni nani aliyetumia akili zaidi? Mimi nilifuata mishale ya mtu aliyenifikiria kila kitu. Yeye hakuwa na mshale hata mmoja. Aliitazama ndege iliyo angani, kisha akaamua mwenyewe bawa liwe refu kiasi gani.

Mungu si Athumani. Nilipofika kwenye magurudumu, nilikuta moja halimo. Boksi lilikuwa limefunguliwa na wengine kabla ya kunifikia, basi ningemlaumu nani? Nilimwita ndugu yangu. Alilipima lile lililokuwako, dogo kama kitufe cha shati, akachonga la pili kwa kipande cha ndara kuukuu. Ukitazama kwa makini utaona halifanani sana na mwenzake. Mimi hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Jioni hiyo aliiokota ndege yake kutoka kwenye taka.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Spitfire iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Mwaka huo huo iliruka ndege nyingine ya Uingereza, Short Empire, yenye injini nne na tumbo lenye umbo la mashua. Hiyo ndiyo ndege ya ziwa letu! Kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London hadi Ziwa Victoria mwaka 1931, na kuanzia 1937 ndege hizo za Empire zilisafiri kutoka Southampton hadi Durban zikitua juu ya maji hapa Kisumu. Enzi hiyo imepita, na leo ndege hutua kwenye lami. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoijua habari hii? Watoto wa Ulaya huunda Spitfire kwa sababu kuna mtu aliyeona historia yao inastahili kutiwa ndani ya boksi. Je, sisi tungoje nani?

Mabawa ya Empire yalikuwa mita 34.7. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 48. Hiyo yaenea juu ya dawati! Mabati yako Kondele, mafundi wa jua kali wako, na vipimo vyajulikana. Napendekeza chama chetu kiiunde ndege hiyo mwaka huu, na kila sehemu tuiandike jina lake kwa Kiswahili: bawa, rafadha, usukani, mkia. Ndugu yangu amekubali kufundisha kukunja waya.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tuutupe msala. Mimi mwenyewe nimeununua, na umenifunza kupima. Viatu vyangu vya zamani nimevishonesha, na mvua ikinyesha vinavuja kidogo. Mama bado anacheka. Lakini juzi nilimwona akiifuta vumbi ndege ya mkebe, akairudisha juu ya kabati kando ya ile ya boksi.