Mama Mkwe Mbele ya Maiki

Mwezi huu naomba niwasimulie aibu ya nyumbani kwangu, maana najua wapo wengi wenye kisanduku kama chetu mezani, na wapo wake wengi waliokwisha kununa kwa sababu yake.

Kisanduku chenyewe ni intafesi ya sauti. Kinapokea sauti ya maiki au gitaa, kinaigeuza kuwa tarakimu na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Mume wangu alikinunua arekodi gitaa lake usiku, wakati tunadunduliza pesa za kitanda cha mtoto. Nilinuna kweli. Basi mama yangu alipokuja kutoka Muheza, nikasema sasa kisanduku kitalipa deni lake: tumrekodi akiimba zile nyimbo za kubembeleza alizotuimbia sisi, mtoto akizaliwa azikute.

Jioni hiyo mume wangu akamwekea mama kiti, akamwomba aseme chochote ili apime sauti. Mama akasema, "Hamjambo wanangu," kwa sauti ya mtu aliye mbele ya mkwe, yaani ya chini kabisa. Mume wangu akazungusha kinobu cha geini mpaka ile salamu ikasikika vizuri kwenye hedifoni. Halafu mama akaanza kuimba. Jamani, huyu ni mtu aliyeongoza nyimbo za harusi kijiji kizima! Taa inayozunguka kinobu ikawa nyekundu. Nilimwona mume wangu akiiangalia, akanyamaza. Mkwe gani atamkatisha mama mkwe katikati ya wimbo?

Tuliposikiliza, kila mama alipopandisha, sauti ilikwaruza kama spika iliyochanika. Ukiipunguza inakwaruza vilevile, ila taratibu. Kwenye mashine hizi dari ni desibeli sifuri. Kinachopita hapo kinakatwa, na hukirudishi kwa kupunguza sauti baadaye.

Mimi nikasema aliuziwa maiki feki. Yeye akasema mama yangu ana kelele. Tulilala tumepeana mgongo.

Kesho yake nikakisoma mwenyewe kitabu cha maelekezo (wanaume na kitabu cha maelekezo, mnawajua). Kumbe matundu yale ya mbele yanapokea plagi ya pini tatu na jeki nene ya robo inchi, lakini vinavyochomekwa havina nguvu sawa. Maiki hutoa umeme mdogo mno, ndiyo maana inahitaji kukuzwa sana kwa geini. Kinanda cha umeme au mashine ya kuchanganyia muziki hutoa mkubwa zaidi, kwa hiyo geini iwe chini na njia iwe ya laini. Gitaa la umeme lina kitufe chake kilichoandikwa INST. Ukilichomeka bila kukibonyeza, sauti inafifia na kupoteza ung'avu, na hapo ndipo watu huanza kulaumu nyuzi.

Kipo pia kitufe cha volti 48. Maiki ya kondensa kama yetu bila umeme huo kwa kawaida ni bubu. Ya kawaida ya waimbaji jukwaani, mfano Shure SM58, haiuhitaji. Punguza spika kwanza kabla ya kukibonyeza, la sivyo utasikia mlio wa kukushtua.

Lakini kosa letu lilikuwa kwenye geini. Tuliipima kwa salamu, wakati ilitakiwa tuipime kwa pale mwimbaji anapopandisha kuliko pote. Aimbe hapo kwa nguvu zake zote, wewe zungusha kinobu hadi vilele vya sauti viishie kama desibeli 12 chini ya sifuri. Usiogope kuona mstari mdogo kwenye kompyuta. Ukirekodi kwa biti 24, sauti iliyoingia chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye bila shida. Na mdomo ukae kama shubiri moja kutoka kwenye maiki, asiinamie wala asirudi nyuma.

Sasa nani amwambie mama arudie? Mume wangu aligoma kabisa. Nikamweleza mimi, jikoni, tukimenya viazi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa nini hakuniambia ninyamaze?" Nikamwambia, mama, wewe ungemwambia mkweo anyamaze?

Usiku wa kuamkia safari yake tukarudia. Safari hii mume wangu akakohoa kidogo, akasema, "Samahani mama, naomba kwanza uimbe pale panapopanda sana, kama uko harusini." Mama akaachia. Kinobu kikarudi nyuma karibu nusu, taa ikabaki kijani hadi mwisho. Tulipomvalisha hedifoni asikilize akasema anasikia sikio la kushoto tu. Tulikuwa tumeifungua kwenye kompyuta kama stereo wakati maiki ni moja. Tukabadilisha kuwa mono, ikasikika pande zote mbili.

Akasikiliza kimya, mkono shavuni. Kisha akauliza wa jana tumeuweka wapi. Ule wa kukwaruza una ubeti mmoja aliouimba bila kutegemea, uliokuwa wa bibi yake, na usiku huu ulikataa kumjia. Mume wangu alikuwa hajaufuta. Tumeuhifadhi hivyohivyo, na mikwaruzo yake.