TUSIFUNGE MBUZI KWENYE KIPIMO CHA MTO



Mali bila daftari hupotea bila habari. Ghalani kila gunia la mpunga tunaliandika. Mbona maji hatuyaandiki?

Mto wetu ni Ruaha Mkuu. Tangu kiangazi cha mwaka 1993 umekuwa ukikauka kule chini, kwenye Hifadhi ya Ruaha. Maji yake ndiyo yanakwenda Mtera na Kidatu kuendesha mitambo ya umeme. Yakipungua, lawama huja Usangu: eti wakulima wameumaliza mto! Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu kwa ajili ya mto huuhuu.

Kesho tukiulizwa sisi, tutajibu nini? Mdomo mtupu haushindi kesi. Shahidi wetu ni kile kibao chenye namba pale mtoni. Wako wanaofunga mbuzi pale, wako wanaong'oa vyuma. Hapana, ndugu zetu!

Tunashauri hivi: kila asubuhi na jioni mwanakisomo mmoja asome kina cha maji, aandike kwenye daftari la ushirika. Kama tunaonewa, namba zitatutetea. Na kama tunazidisha sisi, zitatuambia mapema, tufunge mifereji.

Kisomo ni kazi, si cheti cha kutundika ukutani.

Katibu