Vidonge vya kiungulia: Hatari adimu kwa ini isiyohesabiwa na yeyote

MTU anayelalamikia kiungulia katika duka la dawa, iwe Githurai au Likoni, aghalabu huondoka na vidonge vya omeprazoli bila kuulizwa maswali mengi. Wapo wanaovimeza kwa miezi, hata miaka, kila baada ya mlo wa nyama choma au maharagwe. Kwao hiyo si dawa hasa, ni sehemu ya chakula.

Imani hiyo ina msingi. Kabla ya simetidini kuanza kuuzwa nchini Uingereza mnamo 1976, wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo waliishia kupasuliwa. Ranitidini, iliyojulikana zaidi kama Zantac, ilifuata mwaka wa 1981, kisha omeprazoli mwishoni mwa mwongo huo. Mamilioni ya watu wamezitumia pasipo tatizo lolote.

Hata hivyo, kuna wachache ambao ini lao huzikataa. Ini ndilo kiungo kinachozivunjavunja dawa hizi, na kwa watu hao mabaki ya kazi hiyo, au kinga ya mwili inayoyashambulia mabaki hayo, huzijeruhi seli za ini lenyewe. Hakuna kipimo cha kumtambua mapema atakayedhurika, wala si lazima awe amemeza kupita kiasi. Kwa kawaida dalili hujitokeza katika wiki chache za mwanzo: uchovu, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya chai kali, ngozi kuwasha na macho kugeuka manjano. Dawa ikiachishwa mapema, wengi hupona kabisa. Ikiendelea kumezwa, hali yaweza kuwa mbaya zaidi.

Yaliyotokea Uhispania yanafaa kuzingatiwa. Dawa ya jamii hiyohiyo, ebrotidini, iliingizwa sokoni humo mwaka wa 1997. Madaktari walianza kupeleka ripoti za wagonjwa walioharibika ini, na kufikia 1998 dawa hiyo ilikuwa imeondolewa. Majaribio ya awali hayakuwa yameifichua hatari hiyo, kwa kuwa madhara adimu hayaonekani hadi dawa itumiwe na watu wengi sana. Waliookoa hali ni madaktari waliomuuliza mgonjwa alikuwa akimeza nini, kisha wakaandika jibu.

Swali hilo lina uzito zaidi nchini Kenya. Mwenye macho ya manjano akifika zahanati, washukiwa ni wengi: pombe, virusi vya homa ya ini aina ya B, mitishamba, hata mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo iliwaua zaidi ya watu 120 mwaka wa 2004, wengi wao wakiwa Ukambani. Katika umati huo kidonge cha kiungulia hupita bila kutazamwa. Mgonjwa hakitaji kwa sababu hakihesabu kuwa dawa, na huenda akarudi nyumbani akaendelea kukimeza ili kutuliza kichefuchefu kilicholetwa na kidonge chicho hicho.

Isitoshe, anayetibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo hupewa omeprazoli pamoja na viuavijasumu, kwa mfano klarithromisini, ambayo pia yaweza kulidhuru ini. Kumpata mkosaji hapo kunahitaji daktari mwenye subira na mgonjwa mwenye kumbukumbu.

Haya yote si sababu ya kuzitupa dawa hizi. Mwenye kidonda kinachovuja damu, au mzee anayemeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, huenda akahatarisha maisha akiziacha kwa hofu ya madhara yanayowapata wachache mno. Naye ambaye ini lake tayari ni bovu hazikatazwi kwake. Huhitaji kipimo kidogo, na kwa kawaida miligramu 20 za omeprazoli kwa siku humtosha. Lakini ni nani atakayempunguzia kipimo ikiwa hajawahi kumwona daktari?

Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya, na hata kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Ripoti hiyo huanza kwa jina la dawa na tarehe mgonjwa alipoanza kuitumia. Katika maduka mengi mitaani, vidonge hukatwa kutoka kwenye pakiti, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu "1x2", basi.