Bakole asikimbilie kurudiana na Parker

Mkongomani Martin Bakole, bondia wa uzito wa juu, alipigwa na Joseph Parker wa New Zealand katika raundi ya pili mjini Riyadh, tarehe 22 Februari 2025. Hamu ya kurudiana mara moja inaeleweka. Aliitwa siku mbili tu kabla ya pambano, kuchukua nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, na mizani ilionyesha karibu kilo 143.

Lakini kama kilichomwangusha ni kukosa maandalizi, basi dawa ni maandalizi, siyo tarehe mpya.

Watetezi wa marudiano watamtaja Anthony Joshua. Alishindwa na Andy Ruiz Juni 2019, akamshinda kwa pointi Desemba mwaka huohuo. Ni kweli, ila Joshua alirudi akiwa mwepesi zaidi, akapigana kwa mbali. Ruiz alikuja mzito kuliko mwanzo, akapoteza mikanda.

Tena kichwa kilichopigwa kinahitaji kupumzika. Mzaliwa huyu wa Kananga apunguze uzito, apigane kwanza na mwingine, ndipo amtafute Parker. Akirudi vilevile, atapata jibu lilelile.