Ugonjwa Mpya Usitusahaulishe Chanjo za Watoto



Mwezi Machi mwaka 2020 mvua za masika zilikuwa zimeanza huku kwetu Lushoto. Tarehe 16 ya mwezi huo Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na siku iliyofuata ikatangaza kufunga shule. Katika wiki zile mabenchi ya kliniki yetu ya watoto yalianza kubaki matupu. Akina mama waliozoea kushuka milimani alfajiri, mtoto mgongoni na kadi imefungwa kwenye pindo la kanga, hawakuonekana. Baadhi yao walituambia baadaye kwamba waliogopa kupata ugonjwa hospitalini. Wengine walisikia sokoni kwamba kliniki imefungwa, hali haikufungwa hata siku moja.

Lakini sipendi kuwalaumu akina mama peke yao. Mimi niliyesomea uuguzi na kuufanya kwa miaka mingi nina kosa langu pia. Siku moja alikuja mama na mtoto wa miezi tisa mwenye mafua kidogo. Badala ya kumpima na kumchanja surua, nilimwambia aende nyumbani, arudi mambo yakitulia. Mafua madogo hayazuii chanjo, na jambo hilo nilifundishwa tangu chuoni. Niliogopa, basi. Mama yule alitii. Nilimwona tena mwaka 2022, mtoto akiwa na homa kali, macho mekundu na vipele mwili mzima. Tulimlaza siku tisa, akapona. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nesi, uliniambia nisubiri, nami nikasubiri."

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, nao ndio ninaowaletea leo. Ukija ugonjwa wowote wa kutisha, kliniki ya watoto iwe ya mwisho kufungwa, na mzazi asiache kuja kwa sababu ya uvumi.

Tazameni yaliyowapata majirani zetu wa Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Dunia nzima ikageuza macho huko, na ilikuwa haki, kwa maana hadi ugonjwa huo ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu karibu 2,300. Lakini wakati huo huo surua ilikuwa ikitembea karibu nchi nzima. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, watu zaidi ya 310,000 walihesabiwa kuwa na dalili za surua, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Sisemi Ebola ndiyo iliyoleta surua. Chanjo zilikuwa pungufu tangu zamani, na vita na njia mbovu vilizidisha shida. Ninachosema ni kwamba ugonjwa uliotisha zaidi haukuwa ndio ulioua zaidi, na huo ulioua zaidi una chanjo tangu mwaka 1963.

Korona nayo ilifanya vivyo hivyo duniani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kwamba mwaka 2021 watoto wapatao milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mwaka 2020 wataalamu walipiga hesabu kwa nchi za Afrika. Waliona kwamba kwa kila mtu mmoja ambaye angekufa kwa Korona iliyopatikana katika safari ya kliniki, watoto wapatao 84 wangeokolewa na chanjo. Mzazi mwenye mizani kichwani ataona upande gani ni mzito.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini kuchelewa miezi michache kuwe jambo kubwa?" Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, nayo hupungua miezi inavyopita. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa akitimiza miezi tisa. Hata hivyo si kila mtoto hupata kinga kwa dozi hiyo moja, na kwa sababu hiyo ipo ya pili katika mwezi wa 18. Surua huenea kwa hewa, na virusi vyake huweza kukaa ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Kwetu milimani kuna baridi. Tunafunga madirisha, tunaota moto jikoni pamoja, watoto wanalala kitanda kimoja. Mmoja akiugua, wote wasiochanjwa wamo hatarini.

Basi nakumbusha ratiba. Anapozaliwa, mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata chanjo za kumkinga na polio, dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, kichomi na kuhara. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Tangu miezi sita apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, hadi atimize miaka mitano.

Kama mtoto wako ameruka tarehe, usione haya wala usikate tamaa. Hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoachia. Chanjo chache zina umri wa mwisho, kwa hiyo njoo mapema. Kadi ikipotea au ikilowa mvua, njoo hivyo hivyo, maana kliniki huweka daftari.

Wako pia wazazi wanaosema, "Chanjo zimekwisha, kliniki ya nini?" Mizani huona kabla ya macho. Mstari wa uzito kwenye kadi ukilala miezi miwili mfululizo, kuna jambo, hata kama mtoto anacheza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sisi tunapakia kabichi, karoti na maharagwe kwenye malori yanayoshuka Mombo kwenda Dar es Salaam. Tusimwachie mtoto wetu uji mtupu.

Akina baba, kliniki si kazi ya akina mama peke yao. Anayetoka mbali anahitaji nauli, na asiye na nauli anahitaji mtu wa kumbebea mtoto mkubwa huku yeye akibeba mdogo. Jua tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kama unavyoijua siku ya soko.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo naomba jambo moja dogo. Mara moja kwa mwezi, baada ya sala, kila mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano alete kadi, nanyi mtazame tarehe pamoja. Habari zikivuma kwamba kliniki imefungwa, mtumeni mtu mmoja aje aulize. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza tutawapangia saa tofauti, mtakaa nje kwa nafasi, mtanawa mikono kwa sabuni.

Nasi wauguzi tuna wajibu wetu. Mama aliyechelewa tusimgombeze mbele za watu, kwa sababu mwezi ujao hatarudi, na jirani yake aliyesikia hatakuja kabisa.

Magonjwa mapya hayajaisha. Januari 2025 Serikali ilithibitisha Marburg wilayani Biharamulo, na Machi ikathibitisha Mpox. Utakuja na mwingine. Siku hiyo nikimwona mama mlangoni na mtoto mwenye mafua kidogo, sitamrudisha nyumbani. Nawe leo jioni, kabla ya kulala, ifungue ile kadi usome tarehe.