Sabufa au spika mbili za kawaida?

Wadau, nimerudi chuo juzi kutoka nyumbani Ngara na bado nabishana na mdogo wangu kwa simu. Mzee kauza kahawa, anataka spika mpya za redio ya sebuleni. Dogo kashikilia sabufa iliyoandikwa wati 3000 PMPO. Mimi nasema hapana! Geuza nyuma usome: inakula wati 60. Sasa hizo 3000 itazitoa wapi?

Kwetu tunatumia sola, kwa hiyo cha kuangalia ni desibeli kwa wati moja. Spika ikizidi nyingine desibeli 3, ni sawa na kuongeza nguvu ya ampli mara mbili, na betri haijui. Omu nazo ziendane na ampli. Ukiweka spika ya omu 4 kwenye ampli ya omu 8, unaweza kuiunguza.

Halafu jamani, Mzee anasikiliza Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapohapo Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Anataka habari, si mdundo. Dukani amwambie muuzaji aweke taarifa ya habari, yeye asimame mlangoni. Ambayo maneno yake yanasikika vizuri, abebe hiyo.

Dogo, mdundo utaukuta harusini.