Kipande cha Programu na Mzani wa Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, akishasaga mawe yake kwenye karasha, akaosha mchanga na kuichoma zebaki, hubakiwa na kidonge kidogo cha dhahabu kiganjani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenzake wa Kahama, mkoani Shinyanga. Thamani ya kidonge hicho haitokani na uzito peke yake, bali na usafi wake pia, kwani dhahabu ya asili huwa imechanganyika na madini mengine, hasa fedha. Basi kati ya mchimbaji na mnunuzi husimama hesabu. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: hesabu hiyo inapofanywa na kompyuta au simu, ni nani anayeijua?

Siku hizi mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuandika programu hupata kwa urahisi vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine: mistari mitatu ya kupanga majina, mitano ya kuchora jedwali, kumi ya kutengeneza ukurasa wa mtandao. Huvinakili, akavibandika, navyo hufanya kazi. Sisemi kwamba jambo hili ni baya. Hakuna fundi aliyeanza kwa kufua nyundo yake mwenyewe. Nasema tu kwamba kipande cha programu kinachonakiliwa bila kueleweka chaweza kumdhuru mtu, na nitatoa mfano ambao kila darasa la fizikia katika ukanda wetu wa dhahabu laweza kuupima.

Njia ya zamani ya kukadiria usafi wa dhahabu ni ile ya Archimedes. Kidonge hupimwa hewani, kisha hupimwa kikiwa kimening'inizwa majini. Tofauti ya vipimo hivyo kwa gramu ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gramu za hewani zikigawanywa kwa ujazo, tunapata densiti. Densiti ya dhahabu safi ni 19.3, na ya fedha ni 10.5. Iwapo kidonge ni mchanganyiko wa madini hayo mawili tu, programu yake ni fupi mno:

def usafi(hewani, majini):
    densiti = hewani / (hewani - majini)
    return 19.3 * (densiti - 10.5) / (8.8 * densiti)

Tuseme kidonge kina gramu 20 hewani na gramu 18.8 majini. Ujazo wake ni 1.2, na densiti yake ni 16.67. Programu itajibu 0.81, yaani asilimia 81 ya uzito ni dhahabu, takriban gramu 16.2.

Sasa tuchukue kipande kingine, kinachofanana sana na hicho, ambacho mstari wake wa mwisho ni huu:

    return (densiti - 10.5) / 8.8

Nacho hufanya kazi bila kulalamika. Ukikipa densiti ya fedha hujibu 0. Ukikipa ya dhahabu hujibu 1. Mwalimu aliyejaribu ncha hizo mbili tu angekipitisha. Lakini kwa kidonge chetu hujibu 0.70, yaani gramu 14.0. Gramu 2.2 za dhahabu zimepotea, wala hakuna aliyeiba. Kosa ni kwamba kipande hiki hutoa sehemu ya ujazo, ilhali mchimbaji hulipwa kwa uzito. Kompyuta haikukosea, imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Hata kipande cha kwanza kina mipaka yake. Kidonge kikiwa na shaba badala ya fedha, au jiwe likiwa limebaki ndani, jibu si la kweli. Vipimo viwili vikiwa sawa, programu itagawanya kwa sifuri na kusimama. Ndiyo maana kukiwa na mashine ya mionzi ya eksi ni afadhali kuitumia. Mwandishi wa kipande anajua mipaka hiyo. Anayekinakili haijui mpaka aitafute.

Kurasa za mtandao nazo zina mitego yake. Mwanafunzi akitengeneza ukurasa wa kujumlisha uzito wa vidonge viwili, akaandika 20 katika kisanduku kimoja na 5 katika kingine, huenda akajibiwa 205. Katika lugha ya JavaScript, kilichoandikwa kisandukuni husomwa kama maneno, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maneno. Hana budi kwanza kuyageuza yawe namba.

Yupo atakayesema: basi kila mmoja aandike programu zake tangu mwanzo. Sikubaliani naye. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kufundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha zaidi ya 2,700 za majani, zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Hawakuanza na mashine tupu. Walichukua mtandao wa hesabu uliokwisha kufundishwa na Google kwa picha za vitu vya kila namna, wakaufundisha upya hatua za mwisho kwa majani ya muhogo wetu. Kazi hiyo ilizaa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo mkulima huweza kuitumia shambani pasipo intaneti. Waliazima, lakini walijua wanaazima nini, wakaongeza kile ambacho hakuna mgeni angeweza kuwapa: majani ya hapa.

Historia yetu nayo inatufunza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Hazina kuleta hasara. Mashine ilikuwa imetangulia, na watu wa kuimudu walikuwa wachache. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, lakini hatari ile ile yaweza kurudi kwa mlango mwingine, mwanafunzi akiwa na simu yenye nguvu mfukoni na programu ambayo hawezi kuieleza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu. La kwanza, kila darasa liwe na daftari la vipande vya programu, na kila kipande kiandikiwe kwa Kiswahili kinafanya nini, kinadhani nini, na kinashindwa wapi. Haitoshi kusema kwamba lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza mjomba wake mchimbaji kile alichoandika, bado hajakielewa. La pili, kipande kisiingie daftarini kabla ya kujaribiwa kwa hesabu iliyofanywa kwa mkono, na jaribio lisiwe la ncha mbili tu, bali la katikati pia. La tatu, mifano itoke mahali tulipo: mizani, marobota ya pamba, mvua ya Shinyanga, majani ya muhogo.

Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019 ili mchimbaji mdogo auze mahali pa wazi, mbele ya mzani unaoonekana. Hilo ni jema. Lakini hesabu inayofuata mzani haionekani, nayo inazidi kuhamia ndani ya vioo vya simu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tukitaka itusitiri, hatuna budi kujua kuifumua na kuishona upya. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha 0.70 na 0.81, na kueleza kwa nini, amekwisha kuwa msaada kwa kijiji chake.